Mstari wa Saba

Mimi kunyamaza siwezi. Nalisema hilo mapema tusije tukalaumiana. Mama anasema nilizaliwa nikiwa katikati ya sentensi, mkunga akasubiri nimalize ndipo akanikata kitovu. Shuleni mwalimu wa hesabu alinihamisha viti saba kwa mwaka mmoja, mwisho akaniweka peke yangu ukutani, akanikuta naongea na ukuta. Ukinikanyaga, nasema. Ukinipenda, nasema. Nikijua kitu usichokijua, utakijua kabla hujavua kofia ya pikipiki. Kwa hiyo mtu akija kukuambia kwamba siku moja mimi, Fan Chia-lun, nilijua jambo zito nikalifungia mdomoni kama aliyebugia maji, mwambie huyo ana homa akapumzike.

Haya. Sasa nikuambie nilivyosalitiwa.

Nafanya kazi mjini Taichung, kwenye kampuni inayouza viti vya mabasi ya masafa marefu. Nilikuwa mwezi wa sita wa majaribio. Ukimaliza sita, bosi ama anakuthibitisha, ama anakushika bega na kukuambia wewe bado kijana, una maisha marefu mbele yako. Baba alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba nimethibitishwa. Mdomo nimerithi.

Kwenye chumba cha mashine tulikuwa wawili, mimi na Dada Wan-ju. Alimaliza shule ya ufundi ileile niliyosoma, miaka minane kabla yangu, na ndiye aliyenipokea siku ya kwanza akaniambia, "Lun, hapa mashine hazina masikio, kwa hiyo usizipigie porojo." Nikazipigia. Akacheka. Tangu hapo tukawa tunakula pamoja kila mchana, wali na paja la kuku, yeye ananipa yai lake lililochemshwa kwa chai kwa sababu hapendi kiini, mimi nampa kachumbari yangu. Kila nilichokijua kuhusu ile skrini nyeusi ya kuandikia amri nilikitoa kwake.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kulikuwa na mashine tatu zinazouza viti, zote zinafanya kitu kilekile. Mbele yao kuna kigawa mzigo, ambacho mimi nakiita Bawabu. Mteja akija, Bawabu anamwambia wewe nenda ya kwanza, wewe ya pili, wewe ya tatu, halafu anaanza upya. Ila Bawabu hana akili yake mwenyewe. Anafuata faili alilopewa mara ya mwisho. Faili hilo huliandiki kwa mkono: unakaa mbele ya skrini nyeusi, unaiandikia seva, kompyuta kuu ya kampuni, amri ya mstari mmoja kwamba itoe mpangilio wa Bawabu, nayo inakutolea faili zima, limenyooka kama shati la harusi. Unalibeba unampelekea. Lakini ukibadilisha jambo kwenye seva usipotoa faili jipya, Bawabu ataendelea na lile la zamani, kama mjomba anayepeleka mialiko kwenye nyumba uliyohama miaka mitatu iliyopita.

Bosi wetu, Kang, baba yake alikuwa dereva wa treni. Madereva wa treni hawaamini macho yao mpaka waambiwe na midomo yao: wakiona taa wanainyoshea kidole na kuitaja kwa sauti. Bosi Kang akaihamishia desturi hiyo kwenye chumba cha seva. Kila kazi ina karatasi yenye mistari. Mmoja anasoma, mmoja anaandika. Msomaji anasoma mstari, mwandishi anaurudia kwa sauti huku anaandika, ananyosha kidole kwenye skrini, wote wawili wanasema "Sawa!", ndipo msomaji anapiga tiki kwa kalamu nyekundu. Mwandishi haruhusiwi kuiangalia karatasi hata kwa jicho la pembeni, maana siku za nyuma kuna jamaa aliyeichungulia akatangulia mistari miwili mbele, na basi moja likauziwa watu mara mbili. Kwa hiyo anayeandika ni mikono, anayesoma ni kichwa. Kichwa kilikuwa mimi. Cheka tu.

Na kila kabati la mashine lilikuwa na pakiti yake ya kijani juu, vile vitafunwa vya mahindi na nazi, ili mashine zitulie zisilete ujinga. Iwe ya kijani, si ya njano. Isiliwe. Na isipitwe na tarehe, hapo ndipo shida kubwa ilipo. Msimamizi wa pakiti alikuwa Mama Liao, anayesafisha ghorofa yetu. Anakuja na ngazi yake ndogo na kitambaa, anasoma tarehe moja moja huku ameinua miwani, na kazi ikiwa inaendelea haondoki, anafuta kabati polepole akituitikia kwa chini, "Sawa!" Nilizoea kumtania.

"Mama Liao, siku moja utachukua kazi yangu."

"Kazi ya kusoma mpaka tisa? Hata mjukuu wangu anaiweza, na bado ananyonya."

Ndio watu wote hao: mimi, Dada Wan-ju, Bosi Kang, Mama Liao.

Wiki tatu kabla ya mwaka mpya, Bosi Kang alimpa Dada Wan-ju fomu ya kuniandikia. Thibitisha, usithibitishe, na sababu. Nilijua, kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia tukila.

"Nimekuandikia vizuri, Lun," akasema, ananiwekea yai. "Maneno matamu mpaka nimeona aibu."

"Umesema mimi ni mzuri wa sura?"

"Hiyo nimeiacha. Fomu haina nafasi ya uongo."

Nikacheka mpaka wali ukanipalia. Nilimpenda sana siku ile, nakuambia kweli. Nilimpigia mama simu palepale, dada mwenyewe bado anatafuna, nikasema mama, Dada Wan-ju ameniandikia. Mama akasema mpelekee machungwa. Nikamletea machungwa mfuko mzima, akayapokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka.

Siku mbili baadaye printa, ile ya kutolea nakala pia, ilikwama. Printa ikikwama huitwa nani? Mimi. Nikafungua mlango wake wa nyuma, nikavuta karatasi iliyojikunja kama soksi, nikainyosha nijue ni ya nani nimpelekee. Ilikuwa fomu yangu. Kwa mwandiko wa Dada Wan-ju, ile "u" yake inayofanana na kikombe:

*Asithibitishwe kwa sasa. Ni mwepesi wa akili lakini anaruka mistari. Sipendekezi aachwe na mashine.*

Nilisimama pale na karatasi. Unajua mtu akikupiga ngumi unaona, lakini akikupiga huku anakumenyea chungwa? Kuruka mstari niliruka kweli, mara moja, mwezi wa kwanza, mstari wa pili, na tukaurudi hapohapo tukacheka wote wawili. Yeye ndiye aliyecheka zaidi. Kumbe alikuwa anacheka na kuandika.

Angeniambia tu. Angesema, Lun, nimekuandikia ukweli na ukweli wenyewe mchungu, ningemtukana kidogo, ningenuna hadi saa nane, yangekwisha. Lakini alinitazama machoni na mate ya uongo midomoni. Nikakunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Nakala safi ilikuwa imeshafika kwa bosi.

Kesho yake mchana akanipa yai. Nikasema nimeshiba.

"Wewe? Umeshiba? Niite daktari?"

"Ita."

Akadhani natania.

Sasa siku yenyewe. Viti vya kurudi nyumbani kwa mlo wa mkesha wa mwaka mpya vinafunguliwa saa sita mchana kamili, na kisiwa chetu kizima kinakuwa kimekaa kidole juu ya kitufe. Kwa dakika ishirini vimekwisha. Asubuhi ile tulikuwa tumefunga duka kwa matengenezo, kwa sababu mashine ya pili ilikuwa mzee wa kukohoa, na mpya ilichelewa kufika, ikaja siku ileile. Mpya tuliipa namba tano. Namba nne hakuna mtu anayeitaka, kwetu inasikika kama kifo, na wewe usiitaje ukiwa chumba cha seva.

Karatasi ilikuwa na mistari tisa. Tulianza saa nne. Mama Liao alikuwa juu ya ngazi yake kwenye kabati la mwisho, anabadilisha pakiti kwa ajili ya sikukuu.

"Mstari wa kwanza," nikasoma. "Ingia kwenye seva."

"Ingia kwenye seva," akarudia Dada Wan-ju, vidole vinacheza. "Sawa!"

"Sawa!"

"Sawa," ikaitika ngazi.

Wa pili, orodhesha mashine. Wa tatu, toa mpangilio wa Bawabu kama ulivyo, uwe akiba. Wa nne, ambao bosi ameuandika "tatu na moja" kwa sababu zilezile, ongeza mashine ya tano. Wa tano, ondoa mashine ya pili kwenye kundi. Wa sita, mpe Bawabu mpimaji wa pumzi, ili mashine ikifa aache kuipelekea watu. Kitu hicho hatukuwa nacho, tulikuwa tunakianzisha siku ile, ndani ya faili jipya.

Mstari wa saba ulisema: toa mpangilio upya, kwa jina lilelile, juu ya ule wa zamani.

Nikavuta pumzi ya kuusoma. Naapa niliivuta. Na hapo Dada Wan-ju, bila kugeuka, mikono iko juu ya kibodi inasubiri, akasema kwa ile sauti yake ya kunibembeleza:

"Unasoma vizuri leo, Lun. Ndiyo maana nilikuandikia vile."

Vile!

Ile pumzi ikakaa. Nikaangalia kisogo chake, kile kibanio cha nywele chenye chungwa dogo la plastiki nilichomnunulia soko la usiku la Fengjia. Karatasi ya printa ilikuwa mfukoni mwangu, naisikia inanichoma paja. Mikono yake ilikuwa inaningoja. Nikawaza: anaruka mistari, eti. Haya, basi tuone.

"Mstari wa nane," nikasoma. "Peleka faili kwa Bawabu."

"Peleka faili kwa Bawabu," akarudia. Faili lilikuwepo, jina lake sawasawa. Ila lilikuwa lile la mstari wa tatu, la zamani. "Sawa!"

"Sawa!"

Nikapiga tiki kwenye wa saba na wa nane.

"Wa tisa. Zima mashine ya pili."

"Zima mashine ya pili. Sawa!" Feni ya yule mzee ikazunguka taratibu, taratibu, ikasimama.

"Imebaki mstari wowote?" akauliza. Lazima aulize, ndiyo kanuni.

Nikatikisa kichwa. Akauliza tena, maana kisogo hakina macho. "Lun?"

"Hakuna."

Nisikilize vizuri hapa. Sikupanga kuua sikukuu ya mtu. Nilipanga ashtuke kidogo. Nilijua saa sita kasoro robo nitasema, dada eh, mbona kama kuna kitu tumekiacha, yeye atatoka jasho, bosi ataona nani kaliona kosa, nami nitakuwa nimethibitishwa bila maneno matamu ya mtu. Mpango mzuri. Nilijaribu ukurasa kwenye simu mara moja, ukafunguka, maana mtu wa kwanza Bawabu anampeleka mashine ya kwanza. Nikasema unafunguka. Haukuwa uongo.

Saa sita kasoro robo akaja na chai ya maziwa, sukari nusu, barafu kidogo, kama ninavyoipenda. Akaniwekea mezani na bomba ameshalichoma.

"Ya kusherehekea," akasema. "Ukithibitishwa utaninunulia wewe."

Nikamtazama usoni, nikitafuta aibu hata ya kijiko kimoja. Hakuna. Nilifungua mdomo nimwambie mstari wa saba, nikaukuta umejaa kitu kingine, na hicho kitu kingine kilikuwa chungu. Nikanywa chai. Saa sita kasoro tano nikanywa chai. Saa sita kasoro moja nilikuwa natafuna barafu.

Saa sita.

Katika kila watu watatu, mmoja akapata ukurasa mweupe. Mtu wa kwanza kiti, mtu wa pili weupe, mtu wa tatu kiti, halafu kiti, halafu weupe. Bawabu alikuwa anawapeleka kwa adabu zote kwenye mlango wa marehemu. Wanaopata weupe wakabonyeza tena na tena, na kila wakibonyeza anawapanga upya. Simu zikaanza kulia kuanzia ghorofa ya pili mpaka kwetu. Bosi Kang aliingia mbio kiatu kimoja kimefunguka.

"Nini hiki? Nini hiki?"

Dada Wan-ju alikuwa ameshakaa kwenye skrini. Akaangalia faili la Bawabu, akaona namba: moja, mbili, tatu. Hakuna tano. "La zamani," akasema, uso umegeuka mweupe kama tofu. "Amepewa faili la zamani." Akaandika ile amri mwenyewe, bila msomaji, bila "Sawa!", faili likatoka, akalipeleka. Weupe ukaisha. Ilikuwa saa sita na dakika kumi na tisa, na viti navyo vilikuwa vimekwisha.

Mama Liao alisimama mlangoni na ndoo, simu yake ya zamani mkononi, imefunguliwa kwenye ukurasa wetu. Binti yake yuko mji wa Kaohsiung, alikuwa anatafuta kiti cha kurudi nyumbani.

"Amepata?" nikamuuliza, bila kupenda.

"Anasema ni weupe tu," akajibu. "Weupe, weupe, halafu hakuna."

Bosi Kang akafunga mlango, Mama Liao naye akiwa ndani. Akaichukua karatasi ya mistari tisa, akaiweka mezani kando ya kibodi, akaanza kulinganisha na amri zilizobaki kwenye kumbukumbu ya skrini. Kidole kimoja huku, kidole kimoja kule, kama baba yake na taa za reli. Moja, sawa. Mbili, sawa. Alipofika wa saba, kidole cha karatasi kikasimama juu ya tiki nyekundu, na kidole cha skrini kikakosa pa kusimama.

"Umesomewa," akamwambia Dada Wan-ju. "Hukuandika."

"Bosi, sikumbuki kusomewa."

"Tiki hii hapa."

Dada Wan-ju akanigeukia. "Lun. Uliusoma wa saba?"

Hapa ningeweza kukiri. Nafasi ilikuwa wazi kabisa. Lakini ile karatasi nyingine ilikuwa bado mfukoni, na nikasikia mdomo wangu, huu unaoujua, ukisema kwa sauti ya mtu mzima: "Niliusoma, dada."

Akanitazama. Nilingoja apige kelele, aniite mwongo, ili na mimi nitoe fomu yangu mfukoni tugawane matusi nusu kwa nusu. Hakupiga. Akashika kipaji cha uso.

"Basi ni mimi," akasema polepole. "Bosi, ni mimi. Labda nilipitiwa. Lun akisema alisoma, alisoma. Huyu anajua kila kitu ila kunyamaza."

Ningependa kukuambia kwamba hilo lilinifurahisha.

Bosi Kang alivuta droo. Akatoa ile fomu, nakala safi, akaisoma kwa sauti mbele yetu sote. "'Anaruka mistari. Sipendekezi aachwe na mashine.' Wan-ju, maneno haya ni ya nani?"

Dada Wan-ju akawa mwekundu mpaka masikioni. Hakumwangalia bosi, aliniangalia mimi.

"Nilikuwa nitakuambia," akasema.

"Lini?" nikasema. "Kabla ya machungwa au baada?"

"Lun..."

"Ulisema matamu. Ulisema mpaka ukaona aibu."

"Niliona aibu kweli," akasema. "Niliandika nilichokiona, nikashindwa kukuambia usoni, kwa sababu ulikuwa unacheka. Ungekuwa huchekicheki ningekuambia. Nilitaka wakuongezee miezi mitatu tu, nikae na wewe nikufundishe polepole. Sikusema wakufukuze."

"Ungesema hivyo, basi!"

"Ningesema."

"Mimi nakula na wewe kila siku, dada! Kila siku!"

Sauti ilinipasuka katikati kama ya mvulana wa darasa la sita, na sikuwa naigiza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hawakusema kwamba kinakupa na yai.

Bosi Kang alitutazama kama mtu aliyefungua mlango wa choo kumbe kuna watu. Akakohoa. "Anayeruka mistari leo ni nani?" akauliza. Akaichana ile fomu mara mbili, akaitia kapuni. "Kijana amesoma, tiki ipo. Nitamthibitisha mwenyewe. Wan-ju, kuanzia kesho hugusi kibodi. Utasubiri makao makuu waamue."

Nimethibitishwa. Hivyohivyo, kwa karatasi iliyochanwa. Uongo wa Baba kwa majirani ukawa kweli. Nikatafuta furaha kila mfuko, nikaipata karatasi ya printa.

Dada Wan-ju akavua kitambulisho chake shingoni, akaanza kukizungushia kamba yake taratibu.

"Na jambo lingine," akasema Bosi Kang, ambaye hawezi kumaliza balaa bila kuangalia na upande wa bahati. Akainua macho juu ya makabati. "Mama Liao. Zile pakiti. Tarehe zake uliangalia? Kwa sababu mtu makini kama Wan-ju hapitiwi hivihivi. Kuna kitu."

Mama Liao akaweka ndoo chini. Nilimwona anajinyosha. Binti yake amekosa kiti, na sasa wanamgusa pakiti.

"Bosi," akasema, "mimi nafanya kazi hapa miaka kumi na moja. Pakiti yangu haijapitwa hata siku moja. Nilizibadilisha leo, hawa wakiwa wanaimba. Nilikuwa pale." Akaonyesha kwa kitambaa. "Pakiti ya mwisho niliiweka walipofika mpimaji wa pumzi."

"Sawa, sawa, Mama, nilikuwa nauliza tu."

"Hukuuliza tu. Umeniuliza mimi." Akavaa miwani, ingawa hapakuwa na cha kusoma. "Mimi mambo ya mashine siyajui. Lakini wimbo naujua, nimeusikia mpaka nauota. Wakibadilisha kitu chochote, siku yoyote, kabla ya 'peleka' kuna 'toa upya'. Haijawahi kukosa. Mimi nikisikia 'toa upya' ndipo nashuka kwenye ngazi, maana najua imebaki miwili, watafungua mlango niwahi kupiga deki nje."

"Na leo?" akauliza Bosi Kang.

"Leo sikushuka."

Feni zilikuwa zinavuma. Dada Wan-ju aliacha kuzungusha kamba.

"Nilikaa juu na mguu mmoja hewani kama kuku," akasema Mama Liao. "Nangoja wa saba. Nikasikia wa nane. Nikajisemea, labda wameubadilisha wimbo, mimi nani? Halafu nikasikia kalamu." Akachukua kalamu yangu nyekundu mezani, akagonga karatasi kidogo, mara mbili, haraka, bila pumzi katikati. "Hivi."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Mwanangu Lun, wewe unaongea hata ukitafuna. Asubuhi hii, kati ya sita na nane, nilikusikia ukinyamaza."

Bosi Kang na Dada Wan-ju wakanitazama, wote wawili, mdomoni.